Pazia la Bluu la Bi Verlene

Watu wa kaunti ya Ocasaw, kusini mwa Georgia, wanapenda mbwa. Waulize wenyewe, watakuapia. Wamebandika picha za mbwa kwenye vioo vya magari yao. Wakifiwa na mbwa wa kuwindia humzika chini ya jiwe lenye jina na tarehe, na mama mzazi wa mtu huyohuyo amelala makaburini bila hata kipande cha ubao. Wanawapenda mno, kiasi kwamba kila Jumapili, wakishatoka kanisani na kabla ya kwenda kula kuku wa kukaanga, wapo wanaosimamisha gari mbele ya kituo cha mbwa kilichojengwa nyuma ya jalala la kaunti, wakamfunga mbwa langoni kwa kamba ya nailoni, wakaondoka. Hawageuki. Mbwa hubaki ameangalia barabara, na huiangalia hadi Jumatatu asubuhi.

Bi Verlene Tidwell aliwajua watu hao kwa majina. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kupiga picha za wanafunzi, akizunguka shule hadi shule na kigoda kimoja na pazia moja la bluu, na hakuna mtu mzima katika kaunti ile ambaye hakuwahi kuketi kwenye kigoda hicho akiwa na mapengo. Basi alipoona kwenye kamera ya lango mwanamume mwenye kitambi akifunga mbwa mjamzito kwenye nguzo, hakushangaa. Alisema tu, "Huyu nilimpiga picha darasa la pili. Hata siku ile alikuwa ametoka kumng'ata mwenzake."

Kituoni alifika kwa bahati mbaya, miaka saba iliyopita, akimtafuta mbwa wake aliyepotea. Hakumpata. Alichokipata ni ubao wa picha ukutani: mbwa wameburutwa kwa fimbo yenye kitanzi, sakafu imelowa, taa ya kamera imewapiga usoni hadi macho yamekuwa ya kijani kama ya majini. Chini ya kila picha kulikuwa na namba na siku ya kufa.

"Nani anapiga hizi?" aliuliza.

"Mimi," akajibu Dewitt Crumley, mtunza kituo, mwanamume mrefu mwenye mikono iliyopasuka kwa sabuni kali. "Kwa nini?"

"Wauaji wakikamatwa wanapigwa picha nzuri kuliko hizi."

"Wauaji wana mawakili, dada."

Kesho yake akarudi na kigoda na pazia la bluu.

Ustadi wake haukuwa wa ajabu. Mtoto ukimwambia atabasamu atakuonyesha fizi. Ukimfanya ajiulize kitu, uso wake unafunguka. Mbwa ni vilevile. Bi Verlene alipaka siagi ya karanga kwenye ukingo wa kamera, akawa anatoa mdomoni sauti ya bata aliyekanyagwa, na mbwa aliyekuwa akitetemeka pembeni mwa banda kwa siku mbili akainua sikio moja, akainamisha kichwa, na hapohapo, kabla hajakumbuka kuogopa tena, kamera ikalia. Alimfunga kila mmoja tai ndogo ya shule. Hakumwita mbwa wa mapigano jina la mbwa mpole ili apendwe, kama wafanyavyo wengine. Alijivunia jambo moja tu: picha zake hazikusema uongo.

Zikaenda mtandaoni. Watu wakazipenda. Huko kaskazini, New Hampshire, ambako mbwa wasio na wenyewe ni adimu kama jua la Januari, watu wakaanza kuwaposa mbwa wa Ocasaw kama watu wanavyoposa mabinti. Kila Jumamosi asubuhi gari kubwa lilitoka kwenye uwanja wa duka la vyakula vya mifugo likiwa na mbwa ishirini ndani, kila mmoja na cheti chake cha daktari, likaendeshwa mchana na usiku hadi huko.

Lakini gari ni la Jumamosi, na sindano ya kuwaua ni ya siku yoyote. Hapo katikati ndipo mbwa hufa. Ili mbwa afike Jumamosi, lazima mtu amlaze nyumbani kwake siku mbili, tatu, wiki. Walezi hao katika kaunti nzima yenye watu elfu kumi na nane walikuwa tisa. Makanisa yalikuwa arobaini na moja.

Walezi hao tisa ndio waliozaa desturi ya pazia. Mbwa akipigwa picha peke yake mbele ya bluu, maana yake anatafuta pa kulala. Mtu akipigwa naye, mkono juu ya kifua cha mbwa, kisha akaiweka picha hiyo kwenye ukurasa wake mwenyewe, maana yake amempokea, mbwa ameshavuka. Hapakuwa na haja ya maneno. Watu walioiona walimpongeza kama mtu aliyejaliwa mtoto, na jioni yake mlangoni pake palirundikwa magunia ya chakula cha mbwa na mabakuli ya wali na kuku. Hakuna aliyeiandika kanuni hiyo popote. Lakini kila aliyewahi kuufungua ukurasa wa kituo aliijua.

Mwezi wa kumi, Jumatatu moja, Dewitt alimkuta langoni mbwa dume mweusi, mzee, meno yameliwa hadi kwenye fizi, na ukanda wa shingoni umetolewa kwa makusudi, manyoya yakabaki na alama ya duara. Kifuani alikuwa na kipande cheupe kama kola ya mchungaji. Hakubweka. Alipofunguliwa kamba aliingia bandani mwenyewe, akaketi, akawatazama kama mtu anayesubiri ibada ianze.

"Shemasi," akasema Bi Verlene.

"Huyo usimpe jina, dada," akasema Dewitt. "Na picha yake usijisumbue. Mbwa mweusi akipigwa picha anatoka kama shimo la choo."

"Wewe shika kamba. Mengine niachie."

Alifungua mlango wa mashariki, mwanga ukaingia kwa ubavu, akamwambia Dewitt ashike shuka jeupe upande wa pili ili liurudishe. Manyoya yale yaliyokuwa shimo yakawa mawimbi. Nyusi za mvi zikaonekana, macho ya kahawia yakaonekana, na ile subira yake ya kanisani. Chini ya picha Bi Verlene akaandika: Shemasi. Ana miaka kumi. Anajua kukaa kimya. Alhamisi, saa kumi jioni.

Zamani mbwa alipewa siku tano kabla ya sindano. Sasa ni tatu. Aliyezipunguza alikuwa Kamishna Royce Hambrick, muuza matrekta, mwenyekiti wa baraza la kaunti, aliyesimama mbele ya wenzake na kusema kwamba anawapenda mbwa kuliko mtu yeyote chumbani mle, na kwa sababu anawapenda hataki wateseke kwa kusubiri. Wenzake wakampigia makofi. Baadaye wakapitisha pia kwamba nyumba moja isiwe na mbwa wakubwa zaidi ya wanne, na kwamba mfanyakazi wa kituo asimchukue mbwa hata mmoja, isije ikaonekana anajinufaisha. Kujinufaisha! Dewitt, ambaye kila Alhamisi jioni, akimaliza kuchoma sindano, huosha mikono yake hadi inatoa damu!

Kufikia Jumanne picha ya Shemasi ilikuwa imesambazwa na watu elfu nne na mia mbili. Bi Verlene aliyasoma maoni akiwa jikoni, miwani kwenye ncha ya pua, na mumewe Hoyt akimenya karanga za kuchemsha upande wa pili wa meza.

"Soma basi, mama," Hoyt akasema. "Nami nicheke."

"'Nimelia mpaka mume wangu ameamka.'"

"Pole kwa mume."

"'Mtu amwokoe jamani, mtu yeyote!'"

"Isipokuwa yeye."

"'Ningemchukua sasa hivi, ila zulia letu ni jipya.'"

Hoyt akaacha kumenya. "Hilo umelitunga."

"Njoo usome mwenyewe. Huyu hapa anakaa barabara ya Sawmill. Dakika sita kwa gari."

"Zulia la rangi gani?"

"La maziwa."

"Basi mwachie, mama. Zulia la maziwa ni mzigo mkubwa kuliko msalaba."

Watu elfu nne walilia, na machozi yao hayakumnywesha hata mbwa mmoja. Hivi ndivyo ulivyo wema wa siku hizi: unabonyezwa kwa kidole gumba, mwenye kidole anajisikia msafi kama aliyetoka kubatizwa, kisha anateremka chini kutazama kichekesho cha paka.

Mtu mmoja tu hakulia. Mwalimu mstaafu wa huko New Hampshire aliandika mstari mmoja: Mimi pia ni mzee na sipigi kelele, mleteni. Jumanne hiyohiyo makaratasi yakakamilika, daktari wa mifugo akasaini cheti, na nafasi ya Shemasi kwenye gari la Jumamosi ikaandikwa. Kilichokosekana ni pa kumlaza Alhamisi na Ijumaa. Siku mbili. Godoro kuukuu kwenye kona, bakuli la maji, basi.

Bi Verlene akapiga simu kwa walezi wanane wenzake. Wote walikuwa wamejaa. Akaipigia hoteli ya mbwa ya mji wa jirani. Hawapokei mbwa ambaye chanjo yake haijatimiza wiki mbili. Akampigia mchungaji wake, ambaye alisema ataliweka jambo hilo kwenye maombi. Nyumbani kwake mwenyewe walikuwapo wanne kamili: wawili wake vikongwe, na wawili wa kulea, ambao mmoja wao, wa manjano, naye alikuwa wa Jumamosi.

"Tumfiche kwenye banda la mashua," Hoyt akasema.

"Na Earline?"

Earline alikuwa jirani. Mwaka uliopita alishawaita wakaguzi, na mkaguzi alimwambia Bi Verlene waziwazi: mbwa wa tano akikutwa hapa, hutaingia kituoni tena na kamera yako.

"Kweli," Hoyt akasema. "Yule hesabu yake ya mbwa wa watu ni sahihi kuliko ya dhambi zake."

"Anayeweza kumwongezea Shemasi siku mbili ni mwenyekiti peke yake. Saini moja tu."

"Hambrick?" Hoyt akajirushia karanga mdomoni. "Mama, bora umwombe Earline."

Lakini Jumatano saa nne asubuhi Hambrick alikuja mwenyewe. Uchaguzi ulikuwa umebaki wiki tatu, na alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama peke yake, na viatu ambavyo havikuwahi kukanyaga kituo kile tangu alipokata utepe wa mlango. Alimkuta Bi Verlene akipanga kigoda.

"Bi Verlene! Mama yangu bado ameziweka ukutani zile picha ulizonipiga."

"Nakukumbuka. Ulikataa kufunga mdomo."

Akacheka kwa sauti, kicheko cha mtu anayehesabu waliopo. Waliopo walikuwa wawili tu, Bi Verlene na Dewitt, na mmoja wao hakuwa anacheka.

"Nimekuja unipige moja," akasema. "Mimi na mbwa. Kwa ajili ya mabango na ukurasa wangu. Ila nataka ile ya bluu. Watu wananiambia ile ya bluu ndiyo inayopendwa."

Bi Verlene alifungua mdomo kumweleza. Kisha akakumbuka saa kumi ya kesho, akaona aanze na lililo kubwa.

"Kamishna, yuko mbwa mmoja hapa ameshapata kwao. Gari linamchukua Jumamosi. Siku zake zinaisha kesho. Nakuomba saini ya siku mbili tu."

Hambrick alikuwa anachana nywele akijitazama kwenye kioo cha kabati la dawa. Ni kabati lilelile la sindano, lakini yeye hakulijua, na Dewitt hakumwambia.

"Bi Verlene, mama yangu, moyo wako ni wa dhahabu. Lakini kanuni ikivunjwa na mtu aliyeitunga, itaheshimiwa na nani? Leo wewe una mmoja, kesho mwingine ana wawili." Akarudisha chanuo mfukoni. "Nipe kitoto cha mbwa. Cheupe hivi, chenye masikio. Na kisichonikojolea."

Dewitt aligeuka akautazama ukuta. Bi Verlene alisimama na kipima mwanga mkononi. Katika miaka saba ya kuwaombea mbwa milango ya watu ifunguke, alikuwa amewasihi watu wa kila aina: walevi, waliofilisika, wenye aibu. Wale walau walikuwa na jambo lililowabana. Huyu hakubanwa na kitu isipokuwa shati. Alijua pia jambo moja ambalo Hambrick hakulijua, kwa kuwa Hambrick, mpenda mbwa kuliko wote, hakuwahi hata siku moja kuufungua ukurasa wa kituo.

"Kitoto cheupe kitakuharibia," akasema taratibu, kwa sauti ya fundi. "Shati lako jeupe, mbwa mweupe, mtaonekana shuka limeanikwa. Wewe unamtaka mweusi. Mweusi atakufanya ung'ae."

"Kweli?"

"Miaka thelathini na minane nashika kamera, Kamishna."

"Lete mweusi basi."

Dewitt akaenda kumtoa Shemasi. Alipopita karibu na Bi Verlene akanong'ona, "Dada, unajua unachofanya?"

"Shika shuka."

Hambrick akaketi kwenye kigoda cha watoto, magoti yakiwa juu kama panzi. Shemasi akaketi kando yake, akamtazama mara moja, akageuza uso kwenye kamera, kama mzee aliyeketishwa na mlevi arusini.

"Mkono wako," Bi Verlene akasema. "Weka kifuani kwake. Hapo kwenye weupe. Hivyohivyo."

Hakutoa sauti ya bata. Hakuhitaji. Picha ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomuuma: ilikuwa moja ya picha nzuri alizowahi kupiga. Mwanga ule wa ubavu uliompa mbwa roho ulimpa na mwanamume yule uso wa mtu mwenye huruma. Ulikuwa uongo wake wa kwanza katika kazi, na ulitoka safi bila doa.

"Weka mwenyewe kwenye ukurasa wako," alimwambia alipomtumia. "Ikitoka kwako ina uzito."

Saa sita mchana Hambrick akaiweka. Juu yake aliandika: Ocasaw hutunza walio wake.

Wakati wa chakula cha jioni, Hoyt akiwa ndio kwanza anamega mkate wa mahindi, simu ikalia.

"Bi Verlene! Kuna nini kwenye ukurasa wangu? Watu mia tisa wananipongeza! Wanasema nimemchukua yule mbwa!"

"Umeketi naye mbele ya bluu, Kamishna. Mkono kifuani. Umeiweka mwenyewe."

"Sasa?"

"Sasa hiyo ndiyo maana yake. Kaunti nzima inajua."

"Mimi sikujua!"

"Hukuwahi kuangalia."

Hoyt alikuwa ameacha kutafuna.

"Mke wangu ameletewa magunia manne ya chakula cha mbwa," Hambrick akasema. "Manne! Kuna wanawake wa kanisani wako sebuleni na bakuli la kuku, wanauliza mbwa atalala wapi. Mimi nina mzio wa manyoya!"

"Basi waambie ukweli."

"Ukweli gani?"

"Andika palepale: Samahani, sikumchukua, ilikuwa picha tu. Mbwa huyu anapigwa sindano kesho saa kumi, kwa kanuni niliyoitunga mimi. Niliombwa saini ya siku mbili, nikakataa. Ni mistari mitatu tu, Kamishna. Nikuandikie?"

Ng'ambo ya pili zilisikika sauti za wanawake wakicheka na vijiko vikigonga sahani.

"Na nikimpa hiyo saini sasa?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Leo asubuhi ingetosha. Sasa watu wanataka kumwona kwako."

"Umenitega, mama wee."

"Nilikuambia mweusi atakufanya ung'ae. Umeng'aa. Kesho, kabla ya saa kumi. Njoo na kamba."

Alipokata simu, Hoyt alimtazama kwa heshima iliyochanganyika na woga.

"Nimelala na wewe kitanda kimoja miaka yote hii," akasema, "sikujua."

"Kula."

"Lakini mama, umeona na upande wa pili? Umempa kura. Yule anapita sasa, tena kwa kishindo."

Bi Verlene alisogeza sahani yake. "Nimeona," akasema. "Niliona tangu nilipokuwa napima mwanga."

Hakula tena. Alimdharau Hambrick, lakini jioni ile alijikuta anajidharau na yeye kidogo. Maana picha ndiyo amana aliyokuwa nayo, na aliitoa kwa mtu yule kwa siku mbili za mbwa asiye na meno. Akaipima biashara hiyo upya, kwa unyoofu, akaona kwamba akirudishwa asubuhi ile angefanya vilevile. Hilo halikumfariji.

Alhamisi saa tisa na dakika hamsini Hambrick alifika. Hakuleta kamba; aliazima ya Dewitt. Shemasi akapanda gari jipya la muuza matrekta bila haraka, akaketi kiti cha mbele.

"Kiti cha ngozi hicho!" Hambrick akapiga kelele.

"Yeye hajui," Dewitt akasema, akafunga mlango.

Jumamosi uwanja wa duka la vyakula vya mifugo ulijaa watu kuliko siku zote. Kwa kawaida walikuja walezi tisa na dereva. Safari hii walikuja mia na zaidi, kwa kuwa Kamishna alitangaza kwamba atakuja kumuaga mbwa wake. Mbwa wake! Walikuja na watoto na vikombe vya kahawa. Mwenye zulia la maziwa alikuwapo, akilia.

Shemasi alishuka akinuka dizeli. Alikuwa amelazwa siku mbili kwenye banda la matrekta, juu ya maboksi yaliyokunjwa, na kibandiko cha bei ya trekta kilikuwa bado kimenasa kwenye manyoya ya mkiani. Lakini alikuwa amekula, na alikuwa anatembea kwa miguu yake minne. Bi Verlene alikitoa kile kibandiko, akakitia mfukoni, akampakia mwenyewe kwenye banda la chini karibu na la yule wa manjano. Shemasi akajizungusha mara mbili, akalala. Dereva akafunga milango, akapiga honi, gari likaingia barabara kuu na kupotea nyuma ya miti ya misonobari. Hilo lilikwisha. Hakuna kanuni ya Ocasaw ambayo ingeweza kumgusa tena.

Watu wakapiga makofi. Wakampigia Hambrick, ambaye alipanda juu ya ngazi ya kupakilia mizigo na kuinua mikono.

"Tumefanya kazi nzuri, Bi Verlene," akasema kwa sauti ya kusikika, akimnyooshea mkono.

Bi Verlene naye akaja, akapanda ile ngazi. Hakuushika ule mkono. Kwenye mkoba wake alikuwa na picha sita alizopiga Ijumaa, kubwa, zilizochapishwa, bado zikinuka wino.

"Kamishna," akasema, na sauti yake iliyokuwa ikinyamazisha madarasa ilifika hadi nyuma, "kwako sasa kuna nafasi. Mbwa wako ameondoka. Hawa ni wa gari la wiki ijayo, wako sita. Nikuletee yupi?"

Watu wakashangilia. Hambrick akatabasamu kwa meno yote.

"Tutazungumza, mama."

"Tuzungumze sasa. Watu wapo."

"Mchague, Kamishna!" mtu akapaza sauti. "Mchague!" wengine wakaitikia, na watoto wakaanza kuruka.

Hambrick alizitazama zile picha sita kama mtu anayeonyeshwa vipimo vya hospitali. Mwisho akagusa aliye mdogo kuliko wote.

"Huyo."

Makofi yakapaa. Bi Verlene akaandika HAMBRICK nyuma ya picha, kwa herufi kubwa, akamkabidhi Dewitt.

"Wamebaki watano," akasema Dewitt.

"Wamebaki watano," akarudia Bi Verlene, na akazigeuza zile picha tano, akawaelekezea watu mia wa Ocasaw waliosimama mbele yake, wanaopenda mbwa.

Makofi yalikufa moja moja. Mwanamke mmoja akakumbuka kwamba ana kitu jikoni. Mzee mmoja akamshika mjukuu wake mkono. Bi Verlene alisimama juu ya ngazi, mikono imenyooka, akiwaangalia mmoja mmoja kwa majina yao yote mawili, na kote uwanjani ikawa inasikika milio ya funguo za magari.